Kondoo wa Nadhiri Hanyolewi

Watu wanaosema kondoo wa sufu hawezi kuishi kwenye joto la Kindu wanasema kweli kiasi, ila mimi sipendi kuwasikia. Wanasema huku wanacheka, na kicheko kile kinanipandisha moto kichwani. Kwetu Mikelenge, mtaa wa Kindu, kondoo wa sufu waliishi. Walizaa, wakanenepa, watu wakala nyama yao na watoto wachanga wakavaa sufu yao. Aliyewaweka hai ni mama yangu, mwanamke ambaye hakuwahi kuona sufu mpaka siku baba alipowateremsha kwenye kamyo, lori lake.

Baba alikuwa dereva. Alipeleka mchele na mafuta ya mawese Bukavu, akarudi na maharagwe na viazi, enzi hizo barabara zikiwa bado barabara. Kule kwenye milima ya Kivu palikuwa na shamba ambalo serikali ilimnyang'anya mzungu mmoja na kumpa mkubwa fulani, miaka ile mali za wageni zilipogawiwa. Mkubwa huyo hakujua kondoo wala nyasi. Alikuwa anawala tu, leo huyu kesho yule. Baba alipombebea mizigo yake safari moja, akaambiwa achukue kondoo kuwa malipo, basi akapakia majike watatu na dume mmoja mdogo juu ya magunia ya maharagwe, akashuka nao mpaka nyumbani.

Kondoo wetu wa huku wana nywele fupi na miguu myembamba, wanapita kwenye matope bila shida. Hawa walikuwa na sufu mpaka kwenye macho. Mtaa mzima ulikuja kuangalia. Miaka ile koti na tai za kizungu zilikuwa zimekatazwa. Mwanaume alivaa abakosti, vazi lile la serikali lisilo na tai, au alivaa kanzu yake. Jirani yetu muuza chumvi akasimama penye lango, akapaza sauti: "Baba, serikali imekataza koti, na wewe njo unatuletea kondoo mwenye koti? Watakukamata wewe na yeye!"

Watu wakashika mbavu. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimerudi nyumbani siku chache nyuma, mume ameniacha kule mji wa Kampene, na mwanamke aliyeachwa akisikia kicheko uani kwao anadhani yeye ndiye anayechekwa.

Mama alicheka pamoja nao, tena sana. Halafu akapiga magoti, akaingiza vidole kwenye sufu ya yule dume mdogo mpaka akagusa ngozi, na kicheko kikamwisha. "Huyu mutoto anaungua humu ndani," akasema. Akanituma kwa fundi cherehani kuazima mkasi.

Unyoaji ule wa kwanza sitausahau. Baba alishika miguu, mimi nilishika kichwa, mama akakata kama mtu anayemenya kitu asichojua kokwa yake iko wapi. Chini ya sufu akatoka mnyama mwembamba, wa rangi ya waridi, mwenye haya. "Wee! Mumemvua nguo mbele ya watu!" akapiga kelele muuza chumvi, maana hakuwa ameondoka bado. Mama akamrushia fungu la sufu usoni.

Tangu hapo wakawa kazi yake. Aliwajengea sakafu ya mianzi iliyoinuka, kwa kuwa kwato zao zilikuwa zinaoza kwenye unyevu wa Kindu. Kila sufu ilipofika urefu wa kidole aliikata, hata kama watu walisema bado. Wana-kondoo wengine walikufa, alilia, akaanza upya. Waliokua walikuwa na nyama nene, yenye mafuta, na siku za Iddi sahani zilizotoka kwetu zilijulikana kwa harufu kabla hazijafunuliwa. Alikuwa akisema kondoo hawa wana mikono miwili, mmoja unakupa wakiwa hai na mwingine wakishachinjwa.

Sufu yenyewe hakuna aliyejua ifanyiwe nini. Nani atavaa sufu Kindu? Mama aliiosha, akaichana kwa kitana cha nywele, akaisokota kwenye kijiti mpaka ikawa uzi mnene, wenye vifundo. Akafuma kofia ndogo za watoto. Kwetu mtoto akitimiza siku saba ananyolewa kichwa, na asubuhi za mvua upepo wa mto Lualaba unapiga hata kichwa cha mtu mzima. Basi wanawake wa Mikelenge, na baadaye hata wa mtaa wa Kasuku, wakaanza kuja kuomba kofia ya mama siku ya kunyoa mtoto. Hakumnyima mtu. Muuza chumvi naye akaja, kwa ajili ya mjukuu wake, akiangalia chini. Mama akampa, ila kwanza akamwambia, "Angalia wasimukamate na koti yake."

Hayo ndiyo yalikuwa maisha yetu, na mimi nilianza kusahau Kampene.

Halafu mama akaugua. Ilikuwa baada ya Iddi ndogo. Tumbo lilianza kujaa maji, uso ukakonda, miguu ikavimba. Hospitali walimtazama vizuri, sina la kuwalaumu, lakini dawa hazikuwepo na daktari alisema tumrudishe apumzike. Sisi tulijua maana ya apumzike. Baba hakutaka kuijua. Alitoka hospitali amenyooka kama aliyeambiwa habari njema, akafika nyumbani, akaenda moja kwa moja bandani. Yule dume mdogo wa juu ya magunia alikuwa sasa dume mkubwa, baba wa kundi zima. Baba akamwekea mkono kichwani, akasema mbele yangu na mbele ya mama aliyekuwa ameegemea mlango: "Mungu akimuponyesha mwenye nyumba hii, huyu dume nitamuchinjia Mungu siku ya Iddi kubwa. Hii ni nadhiri."

Mama akasema amina. Nami nikasema amina.

Shida ni kwamba yule dume alikuwa hajanyolewa. Majike nilikuwa nimewakata mimi mwenyewe siku chache kabla, mama akiwa amekaa kwenye mkeka akinielekeza, na tulikuwa tumebakiza dume kwa sababu ya nguvu zake. Kesho yake nilipoleta mkasi, baba akasimama kati yangu na kondoo.

"Wa nadhiri hanyolewi," akasema.

Nilidhani anatania. Kwetu anayetaka kuchinja siku ya Iddi hakati nywele zake wala kucha mwezi wa kuchinja ukishaandama. Hilo tunalijua tangu utotoni. Lakini hilo ni la mtu, na ni la siku chache. Baba alilichukua akalivika kondoo, tena miezi miwili kabla. Nikamwambia hivyo. Akanieleza taratibu, kwa upole ambao ulinikasirisha kuliko kelele: alisikia darasani msikitini kwamba kila unywele wa mnyama wa kuchinjwa una thawabu yake. Kila unywele. Wengine wanachinja mbuzi mwenye nywele za kuhesabika, lakini yeye Mungu amempa mnyama ambaye nywele zake hakuna binadamu anayeweza kuzihesabu, na zote hizo, kila mmoja, zitamwombea mama. "Sasa wewe unataka kuzikata utupe kwenye kikapu?"

"Baba, anaungua."

"Ng'ombe haelemewi na nundu yake."

Mama alisikia kutoka chumbani. "Ng'ombe huyo hakuzaliwa kwenye baridi!" akapaza sauti, na sauti ikamkatikia njiani akakohoa. Baba akaingia mbio kumpa maji. Nikiwa nje nilisikia mama anambembeleza: mnyoe, baba yao, mnyoe mapema, sufu itaota tena kidogo kabla ya Iddi. Na baba, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumkatalia mama kitu, akamkatalia. Alimkatalia huku analia.

Nataka mnielewe hapa. Baba hakuwa mjinga. Alikuwa anaweza kufungua injini ya kamyo njiani, porini, na kuifunga tena mvua ikinyesha. Ila mtu anayempenda mke wake na hana dawa, hana daktari, hana la kufanya kwa mikono yake, ukimpa kitu kimoja cha kushika atakishika mpaka kivunjike. Yeye alishika sufu.

Jua likaja. Wenyeji wa Kindu wanajua jua lile lenye unyevu, linalokukalia begani hata ukiwa kivulini. Yule dume akaanza kuhema mdomo wazi. Baba akaacha safari za kamyo, akamwachia mwenzake usukani, akakaa nyumbani kati ya wagonjwa wawili. Anampepea mama, anatoka, anampepea kondoo. Akaongeza makuti juu ya banda. Akaanza kumwagia maji, ndoo kwa ndoo, asubuhi na mchana, akiamini anampoza.

Mama alisikia maji yakimwagika. "Unamwagia nini?" akaniuliza. Nikamwambia baba anampoza dume. Akafumba macho. "Mwambie aache. Sufu nene ikilowa haikauki ndani. Nzi watakuja."

Nikamwambia baba. Akasema mama yako ana homa, asisumbuliwe na mambo ya banda.

Nzi wakaja. Waliingia kwenye sufu iliyolowa karibu na mkia, wakataga, na baada ya muda mfupi ngozi ya yule mnyama ikawa inatembea. Funza! Baba alipiga magoti pale akawa anawatoa kwa vidole, mmoja mmoja, akifunua sufu kama mama anayemtafutia mtoto chawa, bila kung'oa hata unywele mmoja. Nilichukua mkasi. Nilikuwa nimechoka na nilikuwa na hasira, haki ya Mungu, nilikuwa tayari kugombana naye. Akaniangalia kutoka chini, mikono imechafuka, akasema: "Ukimukata huyu, unamukata mama yako."

Nifanye nini na maneno kama hayo? Nikauweka mkasi chini.

Siku ile mama alisema kutoka kitandani, bila kuulizwa, "Huyo mnyama ana funza. Nasikia harufu yake."

Yule dume akafa mchana, jua likiwa utosini, mwezi wa kuchinja ukiwa umeandama juzi yake. Alikunja miguu ya mbele kama anayetaka kulala, halafu akalala kweli. Baba alikimbia na kisu akitaka awahi kumchinja apate angalau nyama ya halali, hakuwahi. Akabaki na kisu mkononi. Nyama yake ikawa mzoga, hakuna wa kuila, na sufu yake yote ile, kila unywele, tukaizika nayo nyuma ya banda. Baba alichimba peke yake. Sikumsikia akilia kwa sauti. Alikuwa anasema tu, "Loo. Loo. Loo," kila koleo likiingia.

Alipomaliza akanishika mkono. "Mama yako asijue," akasema. "Akijua nadhiri imeanguka, na yeye ataanguka. Apa."

Nikaapa.

Nilidhani itakuwa rahisi, kwa kuwa mama hakuwa anatoka tena. Lakini siku mbili hivi baadaye akaamka na nguvu kidogo, zile nguvu ambazo wagonjwa wanapewa mara moja kabla ya mwisho, akasema: "Leteni yule dume. Nataka nimushike."

Baba akasimama. Akaangalia mlango. "Amechafuka," akasema. "Ngoja tumusafishe."

"Hata akiwa na uchafu. Nataka nimushike."

Baba akatoka, nikamfuata. Bandani walikuwa wamebaki majike tu, maana madume wadogo walichinjwa kila Iddi. Akamtazama yule mkubwa kuliko wote, mmoja wa wale watatu waliotoka naye milimani. Hawa kondoo hawana pembe, dume wala jike, na jike yule alikuwa mpana. Sufu yake ilikuwa imeanza kurudi tangu nilipomkata. Baba akaipapasa. "Chumbani hakuna mwanga," akaniambia, kama anayeomba ruhusa. "Na macho yake yamechoka."

Mimi nilijua haitawezekana. Baba alikuwa hajawahi kunyoa kondoo. Kazi yake ilikuwa kushika miguu. Mama alikuwa anamjua kila mmoja kwa vidole kuliko kwa macho. Lakini ningemwambia nini mtu yule, mchanga wa kaburi la kondoo ukiwa bado kwenye kucha zake? Tukamwingiza yule jike, baba akimsukuma nyuma, mimi nikimvuta shingo, mpaka kando ya kitanda.

Mama akateremsha mkono. Ukaingia kwenye sufu. Ukaenda kutoka mgongoni mpaka begani, ukapanda shingoni, ukasimama chini ya sikio. Ukakaa hapo. Mama akageuza uso upande wa baba, akatabasamu, akasema: "Alhamdulillahi. Sufu njo imekuwa nyingi hivi? Ulifanya vizuri kutomukata, baba yao. Nilikuwa nakubishia bure."

Baba akashika mkono wa mama, akaubusu, akatoka uani kwenda kulia mahali ambapo alidhani hatumsikii. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia analia kwa furaha tangu ugonjwa uanze. Aliamini amemwokoa.

Tukabaki mimi, mama na kondoo. Mama hakuondoa mkono. Kwa sauti ndogo sana akasema: "Ulimukata vibaya huyu jike, hapa chini ya sikio. Ngozi imeshikana. Siku nyingine vuta ngozi kwanza, njo upitishe mkasi."

Nilipiga magoti. Nilitaka kumwomba msamaha kwa niaba yetu sote, akaniwekea mkono ule ule, wenye harufu ya kondoo, mdomoni.

"Alikufa siku gani?"

"Juzi."

"Aliteseka?"

"Ndiyo, mama."

Machozi yakamteremka kuelekea masikioni, hakuyafuta. Alimlea yule mnyama tangu akiwa mdogo wa kubebwa, na alikuwa amesema tangu mwanzo la kufanya, hakusikilizwa. Angekuwa na haki ya kukasirika. Mimi ningekasirika mpaka kaburini. Yeye akasema: "Baba yako asijue kama najua. Akijua, atasema njo yeye aliniua. Apa."

Nikaapa tena.

Mama alikufa kabla ya Iddi. Tulimzika alasiri, watu wakajaa uani, wanawake kadhaa wamebeba watoto waliovaa kofia zake. Baba alikaa kwenye mkeka pamoja na wanaume, na kila aliyekuja kumpa pole alimsimulia jambo lile lile: jinsi mke wake alivyoamka akataka kumshika kondoo wa nadhiri, jinsi alivyomshika, jinsi alivyomshukuru Mungu. "Hakujua kama kondoo amekufa," aliwanong'oneza. "Alikwenda na moyo mweupe." Watu wakasema alhamdulillahi. Muuza chumvi akajifuta macho na ncha ya kanzu yake. Mimi nilikuwa nagawa chai, nikasikia kila mara, na kila mara nilitaka kutupa sinia chini na kupiga kelele. Si kwa hasira juu yake. Nilikuwa na uchungu wa wote wawili, nao walikuwa wameupakia kwangu, mmoja huku na mwingine kule, wakaniambia nitembee.

Kundi halikuchukua muda. Bila dume majike hawakuzaa wenye sufu tena, na mimi sikuwa na mkono wa mama. Wengine tuliwapa watu, wengine walichinjwa. Sijaolewa tena. Nilibaki na baba, tukazeeka pamoja kwenye nyumba ile, yeye akitangulia.

Na kila Iddi kubwa, nyama ikishafika mezani, baba alisukuma sahani kidogo, akaniangalia. Najua alikuwa na hofu. Alikuwa anauliza kila mwaka kwa maneno yale yale, kama mtu anayejaribu kufuli kabla ya kulala.

"Lakini mama yako hakujua, sivyo? Hakujua kitu."

"Hakujua, Baba," nikamwambia, nikamkatia nyama yake vipande vidogo, maana meno yalikuwa yamekwisha.